Karamu ya Katekista Anatoli

Ukoo wa Ndikuriyo wa Mbuba, wilayani Ngara, unasikitika kutangaza kwamba mpendwa wao Mzee Anatoli, katekista mstaafu, hajafariki. Amekataa. Kilichotangulia ni kumbukumbu ya mahali alipoweka miwani, jina la mkwe wake, na chai ya asubuhi ya leo, ambayo ameinywa na anaidai upya. Habari ziwafikie Wiston aliyeko Nyakanazi kwenye duka la matairi, Josiane anayefundisha Biharamulo, na majirani wote walioanza kuulizana suti ya mzee itamfaa nani. Bwana alitoa, Bwana ametwaa kiasi.

Tangazo hilo lingesomwa redioni, Mama Eustakia asingelipinga hata neno. Alikuwa ameishi na Anatoli miaka arobaini na tisa na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyomnyima usingizi. Mwezi wa nane ingekuwa jubilei yao ya ndoa. Mbele ya padre na kigango kizima, mzee angetakiwa kurudia kiapo: mimi fulani nakupokea wewe fulani. Huyo fulani wa pili ndiye aliyekuwa mashakani. Juzi tu Anatoli alikuwa amemtazama akipepeta maharage, akamuuliza kwa adabu zote, "Mama, wewe ni wa nyumba gani?"

Mtu mwingine akisahau majina, hiyo ni bahati mbaya. Anatoli akisahau majina, ni sawa na samaki kuzama. Kwa miaka thelathini na minne yeye ndiye aliyeandika watu wa kigango kwenye daftari. Mwandiko wake uliwaaibisha mapadre, na kasoro yake ilikuwa moja: masikio yake, kama ya wengi wa huku, hayakuona sababu ya l na r kuishi nyumba mbili. Alivyosikia ndivyo alivyoandika. Ndiyo maana hadi leo Mbuba kuna bibi anayeitwa Krotirda, kitambulisho chake kinasema Krotirda, na siku akifika mbinguni Mtakatifu Petro atamdai hati ya kiapo. Lakini ukimuuliza Anatoli habari za mtu yeyote, alikuwa anakutolea kichwani namba ya ubatizo, jina la baba, jina la msimamizi, na kama siku hiyo mvua ilinyesha.

Ugonjwa ulibisha hodi polepole. Ufunguo wa kanisa ulikutwa ndani ya chungu cha maharage. Swali moja likaulizwa mara nne kabla ya chai kupoa. Eustakia alikuwa anafunika kila kitu kwa neno moja, "uzee," kama mtu anayefunika paa lote kwa bati moja. Kisha siku moja Josiane, binti yao wa mwisho, alikuja likizo.

"Shikamoo, mama," baba yake akamwambia.

Josiane akageuka nyuma kutafuta bibi aliyeingia. Hakukuwa na bibi. "Baba, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Shikamoo."

Wiki iliyofuata mzee alipanda gari asubuhi akafika Nyakanazi, na simu ya mlinzi wa maegesho ya malori ikamkuta Wiston akipima upepo wa tairi. "Njoo umchukue baba yako. Yuko kwenye maegesho, amebatiza lori la saruji."

"Amefanyaje?"

"Amebatiza. Kwa maji ya chupa. Linaitwa Agness, na sasa anamdai dereva msimamizi."

Wiston alimrudisha nyumbani akiwa na hukumu tayari. "Mama, huyu karogwa. Nina mtaalamu wangu."

"Mtaalamu wako yule aliyekuahidi kugeuza duka lako kuwa kiwanda?" akauliza Josiane. "Baba anaenda hospitali."

Wakiwa wanabishana, Bibi Krotirda, mwenyekiti wa kamati ya jubilei, akaingia bila kualikwa, kama ilivyo desturi ya wenyeviti. "Mama Wiston, tusimtese mzee. Padre awabariki mkiwa mmekaa, viapo tuviache. Itakuwaje akitaja mwanamke mwingine?"

"Mwanamke yupi?"

"Mimi nitajuaje? Mume ni wako."

"Atanitaja mimi," Eustakia akasema. Moyoni alikuwa hana hakika hata chembe, lakini tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani. Akamgeukia Josiane. "Hospitali ni lini?"

Mwezi wa tatu wakamfikisha Mwanza. Daktari aliitwa Malongo, kijana aliyekulia Tanga, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Kwanza akaagiza vipimo vya damu: sukari, tezi ya shingo, vitamini, kaswende, maana yako magonjwa yanayoiba kumbukumbu na yakitibiwa yanairudisha. Eustakia aliposikia kaswende ikitajwa kwa katekista, akaomba mtakatifu wa zamu amsamehe daktari. Vipimo vikarudi safi. Picha ya kichwa ikapigwa. Yakabaki maswali.

"Mzee wangu, huu ni mwaka gani?"

"Wa Bwana."

"Wa Bwana wa ngapi?"

"Muulize mwenyewe."

Daktari akaandika mkasi, alama ya kukosa. Akainua kalamu yake. "Na hii ni nini?"

"Karamu."

Mkasi mwingine. "Angalia vizuri, mzee."

"Karamu," Anatoli akarudia taratibu, kama anayemfundisha mtoto sala ya Baba Yetu.

Eustakia akashindwa kuvumilia. "Mwanangu daktari, huo mkasi ufute! Amejibu sawa. Kwetu hiyo ni karamu, na ile ya kula pilau ni karamu."

"Sasa mnazitofautishaje, mama?"

"Tunaangalia kama kuna sahani."

Malongo akacheka mpaka akavua miwani, akafuta mkasi. Eustakia akakaa wima, tayari kupigania majibu yote yaliyobaki. Kisha Anatoli akapewa karatasi achore saa. Akachora duara zuri, duara la mtu aliyeandika miaka thelathini na minne, halafu namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja, kama abiria waliokimbilia dirisha kuangalia ajali. Eustakia akafungua mdomo amtetee. Hakukuwa na lahaja ya kusingizia. Akaufunga.

Malongo akavuta kiti karibu naye. Akaliita gonjwa hilo Alzaima. Alieleza kwamba uchafu wa protini hujikusanya ndani ya ubongo, seli zinazopeana ujumbe zinakufa kidogo kidogo, na mara nyingi ugonjwa huanzia pale panapohifadhi mambo mapya.

"Baba alikuwa anaandika madaftari?" akauliza. "Basi, mama, panya wameingia kwenye daftari. Wameanzia kurasa za mwisho, wanarudi nyuma. Ndiyo maana chai ya asubuhi imeliwa, na mwaka wa sabini na nne bado unasomeka."

"Kuna dawa ya panya?"

"Ya kuwaua, hapana. Nisikudanganye. Kuna kidonge hiki, donepezili. Ubongo una kemikali ya kupeleka ujumbe, ugonjwa unaipunguza. Kidonge kinaizuia isivunjwevunjwe haraka. Ni kama kuwasha taa kwenye chumba cha daftari. Panya bado wamo, ila kilichobaki kinasomeka vizuri zaidi. Kwa wengine kinasaidia kwa muda, kwa wengine hakisaidii. Tunaanza na dozi ndogo, tutaongeza baadaye. Kinaweza kumtapisha, kumharisha, kumwotesha ndoto za ajabu, kupunguza mapigo ya moyo. Likitokea lolote nipigie. Usikiache wala usikiongeze kwa akili yako."

"Mpaka mwezi wa nane atakuwa ananijua?"

Kijana akamtazama. "Siwezi kuahidi, mama."

Eustakia akampenda kwa hilo. Mtaalamu wa Wiston alikuwa anaahidi kabla hujakaa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kichefuchefu na ndoto. Kila asubuhi mzee aliamka akisimulia jinsi askofu alivyomkimbiza kwenye migomba akidai l zake zote alizozipoteza. Wiston akapiga simu: "Mnamuua baba kwa vidonge! Vitupeni chooni!" Eustakia alikuwa ameshakishika kikopo mkononi. Akakumbuka alivyoambiwa, akapiga Mwanza badala ya kwenda chooni. Malongo akaagiza mapigo ya moyo yapimwe kituo cha afya, yakakutwa salama, akahamisha kidonge kutoka wakati wa kulala kwenda asubuhi, baada ya chakula. Askofu akaacha kufukuza watu.

Panya hawakuondoka. Ila swali la mara nne likawa la mara mbili, na kwa Eustakia hiyo ilikuwa likizo. Josiane akabandika karatasi nyumba nzima: CHOO, CHUMVI, MAMA YUKO SHAMBANI. Akawafundisha majirani wasibishane naye. Basi Mbuba ikajifunza mambo yaliyokuwa hayajawahi kuonekana: msichana anapewa shikamoo na mzee wa miaka sabini na minne, anaipokea, "Marahaba, baba," na anamshika mkono hadi nyumbani. Niyomugabo wa bodaboda akimkuta njia ya lami alikuwa anageuza pikipiki kumrudisha bila kuombwa. Jioni Eustakia alianza kusali rozari yake kwa kuwashukuru hao mmoja mmoja, na Malongo, na kidonge chenyewe, hata akachelewa kufika kwa Bikira Maria.

Mwezi wa nane ukafika. Kanisa lilijaa, nusu wakiwa wamekuja kusali na nusu kusikia atatajwa mwanamke gani. Bibi Krotirda alikaa mbele na leso tayari kwa machozi ya aibu.

"Mimi, Anatoli," padre akaongoza.

"Mimi, Anatoli."

"Nakupokea wewe..."

Anatoli akamtazama mwanamke mwenye kitenge cha bluu. Eustakia akatamani amnong'oneze, lakini akakataa. Jina la kunong'onezewa hakulitaka.

Mzee akakohoa, na sauti ya zamani ikatoka, ile ya kusomea daftari.

"Ndoa namba arobaini na moja. Eustakia, binti wa Yohanes, kutoka Nyarubungo. Mashahidi wawili. Mvua ilinyesha."

Padre akafunga kitabu chake, maana hakikuwa na jambo zuri zaidi. Leso ya Bibi Krotirda ikafanya kazi ambayo hakuileta kufanya. Eustakia alilia wazi wazi, akasema asante, na hakujali nani anaambiwa: Mungu, daktari, au yule kijana mwenye mwandiko mzuri aliyeyaandika hayo miaka hamsini iliyopita, mbali na meno ya panya.

Njiani kwenda sakristia kutia sahihi, Anatoli akamgeukia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu Eustakia, akamshika mkono. Alichokitaka alikuwa amekipata, na hakuna wa kumnyang'anya.

Mle sakristia Wiston, ambaye sasa alikuwa anamwambia kila mtu kwamba wazo la hospitali lilikuwa lake, akasimama atoe shukrani. Akaishukuru sayansi. Akaishukuru Mwanza. Akaushukuru ukoo kuanzia babu wa tatu. Kisha, ili wote washuhudie muujiza, akainua kalamu ya daftari juu ya kichwa cha baba yake na kupaza sauti:

"Baba! Waambie watu! Hii ni nini?"

Anatoli akaitazama kalamu. Akatazama dirishani, ambako sahani zilikuwa zinapangwa.

"Karamu," akasema. "Na ile nje karamu. Mnanichelewesha zote mbili."