Breki za Baba Elieth

Mama Ritha alinijia asubuhi na ndoo tupu, akaniambia kwamba Baba Elieth amemtupa mkewe kwenye shamba la zabibu. "Kamtupa na kuku wake," akaongeza, kisha akaenda zake bombani.

Hakumtupa. Walikuwa wanatoka Mpunguzi na pikapu yao kuukuu, breki zikagoma mteremkoni, gari likaingia zabibuni likasimama lenyewe. Yudith, mkewe, akashuka na kuku wake, akawasalimu wenye shamba, akawaomba radhi, akapanda basi kwenda kwao Kondoa. Akatuma neno: harudi mpaka breki zishike.

Kosa lilikuwa sabuni. Miaka ile ya shida, maduka matupu, madereva walitia maji ya sabuni kwenye breki, wakafika. Sasa ni ruksa, mafuta ya breki yamejaa madukani Chang'ombe, lakini Baba Elieth aliendelea na sabuni yake. Aliizoea. Paipu ikaoza kwa ndani.

Fundi wa Kizota alimkatia paipu mpya, Baba Elieth akaifunga mwenyewe uani kwake, safari hii akatia mafuta ya breki ya dukani. Halafu akaja barazani kwangu, nikiwa nashona.

"Shikamoo, Baba Elieth."

"Marahaba, Mama Tadeo. Naomba mguu wako. Mguu wa cherehani unajua kutulia."

Paipu ikifunguliwa huingia upepo, na upepo ukiwemo pedali inazama kama unakanyaga ugali. Lazima mmoja akanyage, mwingine autoe. Nikamfunga Tadeo mgongoni, nikapanda. Baba Elieth akalala chini, penye gurudumu la nyuma kushoto, na mpira wa dripu na chupa ya jamu.

"Kanyaga! Tena! Tena! Shikilia hapo!"

Akalegeza nati. Mguu wangu ukazama hadi chini.

"Usiachie mpaka nifunge."

Tadeo akanivuta nywele. Nikaachia.

Sauti ikatoka chini ya gari.

"Umeachia."

"Nimeachia, baba."

"Upepo umerudi wote."

"Pole."

"Mnyonyeshe kwanza huyo."

Nikamnyonyesha, tukaanza upya. Gurudumu la mbali kwanza, la karibu na usukani mwisho. Mapovu kwenye chupa yakapungua, yakaisha. Pedali ikagoma kushuka.

Baba Elieth akalipeleka gari hadi kwenye mteremko wa mtaa wetu, akaliachia, akafunga breki nyuma ya mbuzi. Mbuzi hakusogea. Akarudi, akazima, akakaa anafuta mikono ambayo ilishakuwa safi.

"Hazishiki?" nikamuuliza.

"Zinashika."

"Basi kamlete mama."

"Nikamwambie nini? Hata siku ile nilimwambia zinashika."

Alimtazama Tadeo, ambaye sasa alikuwa amelala, shavu limejilaza mgongoni kwangu.

"Mama Tadeo, twende wote Kondoa kesho. Umwambie wewe uliyekanyaga. Na huyu naye tumbebe. Yudith akiona umempakia mwanao kwenye gari hili, atapanda."