Bibi Kwenye Keria

Juzi, Biharamulo, nilimkuta fundi anayefufua baiskeli za zamani akisugua keria kwa mafuta ya taa. Harufu ile ilinirudisha kwetu Murukulazo, miaka ile wakimbizi walipovuka mpaka kuja kwetu, nilipokuwa binti mdogo.

Baba alikuwa akitengeneza baiskeli uani. Mchana huo mkimbizi mmoja aliingia akikokota baiskeli yenye gurudumu lililopinda. Kwenye keria alikuwa amefungwa bibi kizee kwa kitenge, kichwa kimeegemea kiti.

“Shikamoo, bibi,” nilisema. Hakuitika. Nikanuna.

“Mama amechoka,” yule mtu alisema taratibu.

Baba alimtazama bibi, akavua kofia. Bila kuuliza, alifungua gurudumu la baiskeli yake mwenyewe, akalifunga kwenye ile ya mgeni. Kisha akachukua jembe, wakaondoka pamoja kuelekea kanisani. Nilidhani wanakwenda kulima shamba la padri. Leo najua kwamba yule mtu alikuwa amemsukuma mama yake, tayari maiti, kutoka mpakani, akitafuta pa kumzika.

Baba alirudi jioni, magoti yamejaa udongo. Chakula hakukigusa.

“Baba, yule bibi ameamka?”

Alipangusa udongo magotini.

“Amefika, mwanangu.”

Nikafurahi, nikaenda kulala.