Geti Nililoliona Likianguka

Jamani, niliona geti likiua watoto wa shule, na geti lenyewe lilikuwa bado limelala chini karakanani kwetu, linapakwa rangi.

Msinicheke. Nimechekwa vya kutosha.

Mama alikuwa fundi wa kuchomelea. Jukwaa lilikatika akiwa juu anapachika dirisha, akafa. Tangu tumzike, kila nikishusha barakoa yake ya kuchomelea usoni, kwenye kile kioo cheusi naona mambo ambayo hayajatokea. Siku hiyo niliona bawaba zinang'oka, na sare za wasichana chini ya chuma.

Nikamkimbilia baba mdogo, maana geti alilichomelea yeye.

"Ba'mdogo, hizo bawaba hazijashika."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Binti, hayo ni majonzi tu. Nenda kapumzike."

Majonzi! Nikikosa usingizi, majonzi. Nikiuliza kwa nini wateja wa mama anapewa binamu yangu asiyejua hata kushika koleo, majonzi. Yaani mtoto wa kike akifiwa, na akili yake inazikwa? Nilichoka, haki ya nani.

Nikamfuata baba. Hata hakuniangalia.

"Msikilize baba yako mdogo. Gari la kulipeleka shuleni limeshafika."

Kweli, vibarua walikuwa wanajiandaa kulinyanyua. Nikachukua mashine ya kukatia chuma, nikaiwasha.

"We! Una wazimu?" ba'mdogo akafoka.

Nikaishusha kwenye bawaba ya kwanza. Cheche zikaruka, watu wakatawanyika. Sijafika hata katikati, bawaba ikadondoka yenyewe. Ndani hamna kitu! Ilichomelewa nukta mbili tu, kwingine kote imezibwa kwa puti na kupakwa rangi.

"Kabahatisha," ba'mdogo akaguna.

Nilitaka kumrukia. Lakini baba alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani, analia. Hata makaburini hakulia.

"Baba, si tumeliwahi?"

"Mama yako naye aliniambia," akasema. "Asubuhi ile. Aliona jukwaa linakatika. Nikamwambia aache mambo ya wanawake, apande amalize kazi."

Nikaiwasha tena mashine, nikakata na bawaba ya pili.

Nyie mnaosoma, mkeo au binti yako akikwambia kitu kinaanguka, usianze kumpima akili. Nenda kakitazame kwanza. Kubishana mtabishana baadaye, mkiwa wote hai.