Kidonda Cheusi Nyuma ya Goti

Siku yangu ya kwanza kazini kama msaidizi wa mifugo nilifika kwenye josho la karibu na Kocholia nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Ofisa Mifugo wa Divisheni, Mteso mrefu tuliyemwita Mzee, aliniangalia akacheka.

"Dada, ng'ombe hatazami viatu. Inama."

Nikainama. Alinionyesha kupe walikojificha: ndani ya sikio, chini ya mkia, kando ya kiwele. Josho lenyewe lilikuwa mtaro wa saruji uliojaa maji ya dawa ya kuua kupe, ambamo ng'ombe waliogelea wakatokea upande wa pili.

Jirani wa josho, mjane aitwaye Mama Asekenye, alikataa kuleta ng'ombe wake. Nilipowakagua nyumbani kwake niliwakuta na kupe wengi, wale wakubwa wenye madoa ya rangi mgongoni.

"Ndama wangu alikunywa hiyo dawa akafa," aliniambia. "Sasa mnataka na mama yake?"

Baada ya siku chache nikashikwa na homa, kichwa kikiuma hata mwanga sikuutaka. Nilimeza dawa za malaria, homa ikabaki. Mzee akanipakia kwenye pikipiki ya ofisi hadi hospitalini. Daktari aliposikia kazi yangu, alimwomba muuguzi akague ngozi. Nyuma ya goti palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama alama ya kuchomwa na sigara.

"Hii ni homa ya kupe," daktari alisema. "Bakteria wake huishi ndani ya kupe. Ng'ombe anaweza kuwa nao na aonekane mzima. Wewe ndiye unaangushwa."

Akanipa vidonge vya kuua bakteria. Nje, Mzee alinisaidia kupanda pikipiki.

"Nilikufundisha kutafuta kupe kwa ng'ombe," alisema. "Sikukufundisha kujitafuta."

Nikiwa bado kitandani, Mama Asekenye aliniletea uji wa wimbi. Alikitazama kile kidonda kwa muda mrefu.

"Huyo kupe alitoka kwa ng'ombe wangu?"

"Siwezi kujua, mama. Nilishika ng'ombe wengi."

Siku ya josho iliyofuata alikuja na mifugo yake yote, amemshika ndama mwingine kwa kamba. Mzee alichota maji safi mwenyewe, akamnywesha yule ndama mpaka akageuza kichwa, ili asiwe na kiu ya kunywa dawa. Ndama alivuka mtaro akatoka akijikung'uta, na Mama Asekenye akaketi chini, akilia na kucheka pamoja.

Baadaye nilikagua ng'ombe kwenye soko la Malaba, nikahamishiwa Namboboto, nikastaafia kwetu Butula. Mzee alishatangulia mbele ya haki. Kila nilipopata msaidizi mpya, nilimfundisha kujikagua kabla ya kumfundisha kukagua ng'ombe.

Siku hizi mume wangu akirudi kutoka malishoni, namsimamisha mlangoni nimkague miguu. Hulalamika kila jioni.

"Mama, mimi si ng'ombe."

"Najua, baba," namjibu. "Ng'ombe hutulia."