Keki ya Harusi ya Dada Yangu

Nimejifunza kuoka kwenye simu, kwa hiyo najua kila kitu. Kwa harusi ya dada yangu hapa Baraka sikuwa na chombo kikubwa, nikaokea keki katika beseni la Mama Furaha, mojawapo ya yale anayogandishia samaki wake. Nikaifunga kwa sashe tatu nyeusi, mifuko ya plastiki kama ile anayofungia samaki, na kuigandisha katika frigo yake.

Siku ya harusi niliitoa, nikaiweka mezani na kukataza mtu kuifungua kabla ya wakwe kuonja. Maji yalipoanza kudondoka, nilimtuliza dada: keki hutoa jasho ikiyeyuka.

Bwana harusi akafungua sashe. Mikebuka, samaki wa Mama Furaha, wamelala duara, wamepangwa vizuri kuliko kazi yangu yoyote.

Mama yake akainama. "Mutoto, keki yako iko inatuangalia!"