Weka Kidole Hapo

Mzee huyo alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Dobi, wakubwa kwa watoto. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa, chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa matundu, na waya wa kutundikia nguo uliotoka ukuta huu hadi ule. Shule hakuwahi kuiona kwa ndani. Nguo za watu alizitambua kwa uzi aliozifungia: mwekundu wa mwalimu, wa kijani wa nesi, mweusi wa yule bwana mwenye mashati mengi kuliko siku za wiki.

Sheria yake ilikuwa moja. Mteja akileta nguo yenye doa, haondoki mpaka aweke kidole penye doa.

"Doa la kuambiwa mimi silijui," alikuwa akisema. "Weka kidole hapo."

Watu walimcheka, lakini walikiweka.

Wa kusoma nyumbani mle alikuwa mkewe. Dobi akipiga pasi, mkewe alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, miwani puani. Na tangu mjukuu wao alipoanza kujiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo, kila alasiri walikuwa wawili pale dirishani. Mjukuu anasoma habari kwa sauti, bibi anamuuliza maswali ya ufahamu, kisha wanaingia kwenye sarufi, wanabishana, wanacheka, wanaanza upya. Binti huyo walimpa jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Walimlea wao tangu mama yake alipokwenda kutafuta kazi mbali.

Kisha bibi akaugua, akafariki.

Hapo hakuna mengi ya kusema. Kigoda kilibaki. Miwani ilibaki dirishani. Gauni lake la maua lilibaki chini kabisa ya kapu la nguo za kupigwa pasi, na Dobi kila alipolikaribia alirudisha nguo nyingine juu yake.

Chiriku akanyamaza. Alipika, alifagia, aliitikia akiitwa. Vitabu havikufunguliwa tena, na mtihani ulikuwa mwezi unaofuata. Ukikupita huo, unangoja mwaka mzima, na wengi wakishangoja mwaka hawarudi tena.

Aliyelisema jambo hilo ni fundi cherehani, mama mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hakujua kunong'ona.

"Mzee, mtoto anakuozea ndani huyo. Wenzake wanasoma, yeye anakodolea macho ukuta."

"Nifanyeje, mama? Mimi na herufi hatujuani."

"Na masikio? Nayo hayakwenda shule?"

 Kesho yake alasiri Dobi aliiacha pasi ipoe, akachukua miwani dirishani, akaivaa, akaketi kwenye kigoda.

"Soma," akasema.

Chiriku alisimama mlangoni na sufuria mkononi. "Babu, hiyo ni miwani ya bibi."

"Najua ya nani. Soma."

"Kwani unaniona?"

"Nakuona mko wawili. Someni wote."

Cheko lilimtoka binti kabla hajajua. Akalizuia kwa mkono, kama mtu aliyemwaga kitu. Kisha akaenda kuleta kitabu.

Siku hiyo ya kwanza alisoma haraka haraka, amalize tu. Habari ilihusu mji uliokosa maji. Akajisomea swali, akajisomea majibu manne, akachagua.

"La pili."

"Umejuaje?"

"Najua tu, babu. Miji inavyokosa maji si inajulikana?"

Dobi akamsogelea. Kwenye karatasi yeye aliona safu tu, kama sisimizi waliosimama ghafla. "Weka kidole hapo."

"Wapi?"

"Panaposema hivyo."

Chiriku akapeleka kidole juu, akakishusha, akakirudisha juu. Hakupaona. Akasoma tena, sasa polepole, na kidole kikaganda karibu na mwisho.

"Mh," akasema. "Ni la nne."

"Doa la kuambiwa hilo," akasema Dobi, akarudi kuchochea mkaa wake.

Ikawa hivyo kila alasiri. Sarufi nayo waliijaribu, lakini Dobi hakufaa kitu. Chiriku alimsomea sentensi kadhaa za kikombe kilichovunjika, ili babu achague iliyo sahihi.

"Zote nimezielewa."

"Babu, moja tu ndiyo sahihi!"

"Kikombe si kimevunjika? Ukisema vyovyote, chai hamna."

Fundi cherehani alicheka huko kwake mpaka mashine ikanyamaza. Chiriku ikabidi amweleze babu kwa nini hii ni kosa na ile si kosa, na akikwama anakwenda kupekua kitabu, arudi amweleze tena. Dobi alielewa nusu. Aliyekuwa akielewa yote ni yule aliyeeleza.

Siku moja ikaja habari ya nyangumi.

"Samaki gani huyo?"

"Sio samaki, babu. Ananyonyesha."

Dobi akageuka na pasi mkononi. "Ananyonyesha? Humo humo majini?"

"Humo humo."

"Weka kidole."

Akaweka. Dobi akakitazama kile kidole na mstari ulio chini yake, na mwili ukamsisimka. Miaka yote aliyoishi, mnyama mkubwa kuliko nyumba alikuwa akinyonyesha mwanawe gizani chini ya maji, na habari zake zimekaa tuli kwenye karatasi, zikingoja mtu apitishe macho. Na mkewe alikuwa akiona mambo kama haya kila siku, kwenye kigoda kile, hatua chache tu kutoka kwenye pasi!

"Endelea, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Habari ikaendelea. Nyangumi huita, na sauti yake hupita majini mbali mno, mbali kuliko jicho linavyofika. Kisha swali: kwa mujibu wa habari hii, lipi ni kweli kuhusu mwito wa nyangumi?

Chiriku alikuwa bado hajasoma majibu. Dobi akasema, "Anamtafuta mkewe."

Chiriku akainua macho kitabuni.

"Babu," Chiriku akasema, naye sasa alisema polepole sana. "Weka kidole."

Akamsogezea kitabu mezani. Mzee akanyoosha kidole chake kilichoungua mara nyingi, kikabaki hewani juu ya zile safu. Hakikuwa na pa kutua.

"Hamna, babu. Habari haikusema hivyo. Imesema anaita, basi."

"Haikusema."

"Haikusema."

"Mzee, shati!" fundi cherehani akapiga kelele mlangoni. Dobi akanyakua pasi. Shati la mwalimu lilikuwa limeanza kutoa harufu, ila halikuungua. Akalinyunyizia maji, akainama juu yake muda mrefu kuliko shati lilivyohitaji. Chiriku akaja akasimama kando yake, begani kabisa. Hakuna aliyeondoka.

Siku ya mtihani Dobi alimsindikiza Chiriku mpaka getini mwa chuo. Mlinzi akamwonea huruma mzee, akamruhusu asimame kivulini karibu na madirisha ya ukumbi. Dobi akachungulia. Vijana ukumbi mzima, na hata kikohozi hukisikii. Umati ule wote, kila mmoja ameinama kumsikiliza mtu asiyekuwepo. Akavua kofia bila kuambiwa. Safu ya katikati alimwona wake: kichwa chini, na kidole juu ya karatasi kikienda, kikasimama, kikarudi nyuma, kikatulia.

Njia nzima ya kurudi Chiriku alikuwa chiriku. Alimsimulia habari zote alizopewa mle ndani, bila karatasi, maana aliwaachia wasimamizi.

Majibu ya mtihani yalikuja wakati Dobi keshasahau kuyaogopa. Chiriku aliingia mbio, simu mkononi.

"Babu! Nimechaguliwa! Chuo wamenichukua!"

Dobi akaisimamisha pasi. Sheria ni sheria.

"Weka kidole hapo."

Akaweka. Kioo kilipoguswa, maandishi yakaruka yakapotea, ikatokea picha ya mtu anauza viatu.

"Imekimbia, babu! Ngoja, ngoja niirudishe..."

"Iache," akasema Dobi. "Nimekuamini."

Mlangoni fundi cherehani akashika kiuno. "Leo Dobi kaamini bila kidole! Mvua itanyesha!"

Dobi hakumsikia. Alikuwa ameinamia kapu, anatoa nguo moja moja mpaka chini. Akalitandaza gauni la maua juu ya blanketi, akalinyunyizia maji, akalinyoosha kola kwa kiganja.

"Kaa hapo kwenye kigoda," akasema. "Nisomee ile ya nyangumi."