Kikombe Chini ya Mti wa Tatu

Mwanangu, kabla hujaanza kazi Jumatatu katika ile bustani ya Kitale, nisikilize kidogo. Nakumbuka siku niliyoingia pale na shoka, kijana mwenye kiburi, mtoto wangu wa kwanza akiwa na siku sita na bado hana jina.

Pale palikuwa shamba la mzungu. Alipoondoka, ikaamuliwa pawe mahali pa watu wote kupumzikia, na sisi vijana wa Tongaren tukaitwa kufyeka. Nyuma ya banda la ng'ombe kulikuwa na miti tisa ya lusiola, ile ambayo kwetu hupandwa mipakani, imepandwa kwa mstari mahali pasipo na ua wala mpaka. Mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa mzungu akaja akasimama mbele yangu.

"Hii miti wacheni. Kuna mtu alipanda na sababu."

"Mzee, si tumetumwa tu? Kazi ni kazi, bana."

Nikaukata wa tatu, nikang'oa na kisiki. Upepo uliovuma tangu asubuhi ukakoma. Katikati ya mizizi kulikuwa na kikombe cha bati. Nilikipenda, nikakifuta kwa shati, nikaenda nacho nyumbani.

Nilipokanyaga mlangoni tu, mtoto akaanza kulia. Alilia mpaka sauti ikamkauka na midomo ikabadilika rangi. Mama yangu akampakata na, kama ilivyo desturi yetu, akamtajia majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, ili anayetaka kurithiwa amtulize. Majina yakaisha. Niliogopa sana, nikajua tunampoteza.

Mama akamsogeza mtoto kifuani. Kisha akasema, polepole, jina ambalo hakuwa amelitaja kwa miaka.

"Makokha."

Kilio kikakatika. Mtoto akafungua macho, akayaelekeza kwenye kikombe mkononi mwangu.

Makokha alikuwa kaka yake mama, aliyekwenda Kitale kukama ng'ombe wa wazungu asirudi. Hakuna mtoto aliyewahi kutajiwa jina hilo, maana jina la mtu aliye hai halirithiwi, na mama alikuwa bado anamngoja.

"Leo ulikata nini?" akaniuliza.

Nikampa kikombe. Akakigeuza. Chini kulikuwa na mikwaruzo mitatu ya msumari, alama ya kaka yake, ambaye hakujua kuandika. Mama hakulia. Ila tangu siku hiyo hakuangalia tena barabara.

Mtoto yule ni wewe, Makokha. Pale nilipong'oa, nyasi hazijaota mpaka leo, na watoto wanaocheza mpira hupazunguka bila kuambiwa na mtu. Nimeona mwenyewe, na bado naona aibu.

Kwa hiyo ukipewa panga, uliza kwanza nani yuko hapo. Mzee akikwambia wacha, wacha, hata kama utafukuzwa kazi. Miti minane imebaki, na pengine kuna nyumba nane ambazo bado zinamngoja mtu. Ukipita karibu nayo, isalimie.

Mungu aichunge mikono yako kuliko nilivyoichunga yangu, na mtoto wako anyamaze kwenye jina la kwanza.